Barua ya Kuagana na Kampuni ya Simu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesoma ukurasa mmoja wa kitabu kwenye maktaba ya mtandaoni. Mmoja! Nilibonyeza, nikaenda kuchemsha chai, nikainywa, nikaosha kikombe, nikarudi. Ukurasa ulikuwa umeshuka mpaka mstari wa nne. Intaneti yetu ni mzee mwenye magoti mabovu.

Nimeamua. Nyumba hii itahama kampuni. Kuna kampuni mpya inayoleta vyote vitatu kwa waya mmoja: intaneti, simu ya mezani na televisheni. Nimesoma kijitabu chao chote, hadi maandishi madogo ya chini. Naamini mtaa mzima ni mimi peke yangu niliyefika huko.

Jambo jingine, dogo. Mwalimu wa mdahalo ameniandika kwenye klabu yake. Nilikuwa nimeinua mkono kuomba ruhusa ya kufunga dirisha. Sasa mimi ni mwanachama. Nitajitoa. Sijui vipi, maana kujitoa kunataka kusema.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mshirika: kaka yangu, ambaye nyumbani tunamwita Rimoti kwa kuwa haiachii hata akilala. Siku zote ni hasimu wangu. Lakini nilipomtajia chaneli za mpira alinikumbatia, akaniita mdogo wake wa damu, kana kwamba awali alikuwa na shaka.

Baba, ambaye ni fundi cherehani na haamini kitu kisichoshonwa, alisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Rimoti akamjibu kwamba hili limeshatula mpaka magotini. Mama akacheka, na Mama akicheka Baba huwa ameshindwa. Akakubali kwa sharti moja: aliyeleta maneno ndiye atakayeiambia kampuni ya zamani kwamba tunaondoka. Kwa simu. Kwa mdomo wake mwenyewe.

Yaani mimi!

Bibi hakuchangia. Ilikuwa saa kumi alasiri, na saa kumi Bibi si wa mtu. Kila siku, saa kumi kamili, simu ya mezani inaita, na ni shoga yake. Zamani walifanya kazi pamoja kwenye mtambo wa simu, wakichomeka waya na kuunganisha watu, Bibi kiti cha sita, mwenzake cha saba. Mpaka leo hawaitani majina. "Sita, upo?" "Nipo, Saba." Bi Saba hana macho tena, lakini vidole vyake vinaijua namba yetu. Ndiyo namba pekee vinayoijua.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipigia kampuni ya zamani mara tatu. Mara ya kwanza muziki. Nikakata. Mara ya pili sauti ya mashine. Hiyo niliimudu. Mara ya tatu mtu halisi! Akauliza anisaidie nini. Nikasema hapana, asante, nikakata. Jasho mpaka viwiko.

Basi nimeandika barua. Mbona sikuwaza mapema? Kurasa mbili. Nisingeweza kuondoka bila shukrani, maana kampuni hii imetuhudumia tangu sijazaliwa. Nimewashukuru kwa yule fundi aliyepanda mlingoti kwenye mvua, mwaka nilipougua, ili Mama aweze kumpigia daktari. Nimewashukuru kwa kila saa kumi ya Bibi. Mwishoni nimeandika: "Sasa njia zetu zinaachana, kama mito miwili iliyonywesha shamba moja. Kwaherini, na Mungu awabariki." Nimelia kidogo. Nikatia saini kwa niaba ya Baba.

Ofisini kwao kulikuwa na foleni, na mwisho wa foleni kulikuwa na mtu. Lakini pale mlangoni pana kisanduku chenye tundu, kimeandikwa MAONI. Nikaitumbukiza humo. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ushindi!

Jumamosi, 8 Machi

Fundi wa kampuni mpya amekuja. Mpole, soksi zisizofanana. Alitoboa tundu moja tu ukutani, kisha akaomba ufagio na kufagia vumbi lake mwenyewe. Mama amesema huyo kalelewa. Aliweka kisanduku cheusi chenye taa nne za kijani, akachomoa simu ya Bibi kwenye soketi ya zamani, akaichomeka kwenye kisanduku. Kabati la vyombo tukalirudisha ukutani, likaifunika soketi. Akanipa karatasi niihifadhi. Nimeihifadhi kwenye faili, chini ya herufi K, kwa Karatasi.

Nimesoma sura sita! Rimoti ametazama mechi mbili kwa mpigo na hakugombana na mtu. Namshukuru fundi, namshukuru Baba, naishukuru hata ile taa ya nne, ingawa sijui kazi yake.

Saa kumi Bi Saba hakupiga. Labda amesinzia.

Jumapili, 9 Machi

Hakupiga.

Bibi alikuwa amevaa sweta lake la simu, lile lenye vifungo, maana anasema mtu haongei na mwenzake akiwa ovyo. Alikaa kando ya simu tangu saa tisa na nusu. Saa kumi na moja akalivua, akalikunja. Akasema Saba si mtu wa kukosa. Mara ya mwisho kukosa alikuwa anajifungua.

Baba akamshauri ampigie yeye, basi. Bibi akasema hana namba. Mwaka jana Bi Saba alihamia kwa mpwa wake, mji mwingine kabisa, na hakuna aliyewahi kuuliza ni namba gani. "Yeye anapiga, mimi napokea. Ndivyo tulivyogawana."

Sikuweza kusoma. Taa nne za kijani zilikuwa zinanitazama.

Jumatatu, 10 Machi

Hakupiga. Nikaitoa karatasi ya fundi kwenye faili. Mstari wa tatu: Namba yenu mpya ya simu.

Mpya! Mimi, msomaji wa maandishi madogo! Na hii ilikuwa kwa herufi kubwa.

Nikampigia fundi. (Nilipiga. Sikukata.) Akaniambia namba ya zamani ingeweza kuhamishwa kwa fomu moja tu, mradi laini haijafungwa. Akauliza kama tumeshaifunga. Nikasema ndiyo, nimewaandikia tangu Jumatano.  Akasema pole, mdogo wangu, namba ikishafungwa huenda kwa mtu mwingine.

Sikuthubutu kuipiga. Niliogopa kupokewa na mgeni.

Nikamwambia Bibi. Yote, huku nikitazama zulia. Hakunigombeza. Alisema enzi zile aliwahi kuchomoa waya usio wake, akamkata mwanamume katikati ya kuposa. Akamuunganisha tena haraka, na yule bwana ikabidi aanze mwanzo, na mara ya pili akaposa vizuri zaidi. "Waya ukitoka, mjukuu wangu, hatuukalii matanga. Tunaufuata ulipo." Niende kaunta ya kampuni ya zamani kesho, akasema, na nianze na salamu, kwa sababu salamu haijamshinda mtu.

Alinipangusa machozi. Kisha akalikunja upya sweta lake la simu, ingawa lilikuwa limekunjwa. 

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda moja kwa moja kutoka shuleni. Nimepanga foleni! Nikawaruhusu watu wawili wanipite, kisha nikajikaza. Dada wa kaunta alikuwa amechomeka kalamu kwenye nywele. Nikamsalimu. Bibi alisema kweli: baada ya salamu maneno mengine yalifuata, ingawa si kwa mpangilio. Nikasema bibi, sita, saba, vidole, barua.

Aliposikia barua akasimama. Akauliza kama mimi ndiye wa mito miwili. Nikakiri. Akaita wenzake, "Jamani, njooni, mwenye mito kaja!" Na nyuma yake, ukutani, ndani ya fremu, ilikuwa barua yangu.

Wakaeleza, wote kwa pamoja, kwamba tangu waweke kisanduku cha maoni walikuwa hawajaokota kitu humo ila matusi na pipi iliyotafunwa. Meneja aliisoma barua kwa sauti kwenye mkutano. Fundi mmoja mzee akatoka nje kufuta miwani. Ndiye aliyepanda mlingoti kwenye mvua. Baba ametangazwa Mteja wa Mwezi.

Nikauliza, kwa sauti ndogo sana, walifunga laini siku gani. Dada akashangaa. Waifunge kwa nini? Akaishusha barua, akaipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, kurasa zote mbili. Hakuna mahali nilipoandika kwamba tunataka laini ifungwe. Ile mito, alisema, waliona ni ushairi.

Laini ilikuwa hai! Siku tatu Bi Saba alikuwa anapiga, na wito wake unafika mpaka ndani ya ukuta wetu, nyuma ya sahani, pasipo simu ya kuupokea.

Saa ya ofisini: saa kumi kasorobo. Nikatoka mbio. Dada akanifukuzia mpaka barabarani, akanishikisha mwavuli wa kampuni, zawadi ya Mteja wa Mwezi. Nikakimbia nao.

Nyumbani nikamwita Rimoti. Na yeye (naandika hili lisije likasahaulika) akaiweka rimoti chini, penalti ikiwa inapigwa, akaja kusukuma kabati. Sahani mbili zimevunjika. Mama alizitazama tu. Nikachomoa simu kwenye kisanduku, nikaichomeka kwenye soketi ya zamani. Bibi alikuwa bado anatafuta mkono wa sweta.

Ikaita.

Nilikuwa nimepiga magoti kati ya kabati na ukuta, na bado nilisikia. "Sita, upo?" Bibi akajibu, sweta likiwa limeingia mkono mmoja tu. "Nipo, Saba. Nipo." Hapo Bi Saba akaanza kumgombeza: siku tatu nzima! Alishamwambia mpwa wake apige pasi gauni la msiba! Bibi akamwambia alivae tu, pasi isije ikaenda bure. Wakacheka mpaka wakakohoa, mmoja huku, mmoja kule. Kabla ya kuagana Bibi aliniamuru niandike namba ya Bi Saba. Nimeiandika mara tatu, sehemu tatu.

Jumatatu, 17 Machi

Fomu moja. Ukurasa mmoja. Saini ya Baba mwenyewe. Dada wa kaunta aliijaza pamoja nami, akaniomba kwa upole nisiambatishe barua. Namba imehama salama, laini ya zamani imejifunga yenyewe, na leo saa kumi simu imeita kupitia kisanduku chenye taa nne. Bibi anasema sauti ya Saba imerudia usichana.

Baba anatembea na mwavuli wa kampuni tuliyoihama, hata jua likiwaka. Anasema zimwi lile lilikuwa na adabu zake. Nawashukuru wote: dada mwenye kalamu kichwani, fundi wa soksi, fundi wa mlingoti, Mama kwa zile sahani, na Rimoti, ambaye tumesharudi kuwa mahasimu.

Nimejifunza mengi. Kubwa zaidi ni kwamba neno likiandikwa vizuri haliendi bure. Ndiyo maana jioni hii nimekaa nikamwandikia mwalimu wa mdahalo barua ya kujitoa. Ningeweza kumwambia, lakini maandishi yana heshima zaidi. Kurasa tatu. Nimemshukuru kwa kutufungulia ulimwengu wa hoja, nikamalizia na ndege wawili wanaoagana kwenye tawi. Nadhani nimejipita mwenyewe.

Kesho nitaitumbukiza kwenye kisanduku kilichopo mlangoni pa ofisi ya walimu. Kimeandikwa KURA. Wiki hii klabu inachagua mwenyekiti, kwa hiyo nina hakika kitafunguliwa mapema.