Jeni za Bwawa la Engutoto

Jumatatu, 7 Julai 2025
Mke wangu, Mama Lemomo, ametoa hukumu. Sato wangu wasipozidi kiganja ifikapo Jumapili ya mavuno, bwawa linafukiwa, anapanda migomba. Mwaka mzima nimewalisha pumba! Wamebaki kama dagaa. Wa jirani yangu Elihuruma ni wakubwa kama malapa. Bwawa hili ndicho kitu pekee nilichoanzisha kikadumu. Linaniuma.

Jumanne, 8 Julai
Semina ya wafugaji samaki, Elerai. Elihuruma hakuja, sikumwambia. Mtaalamu, dada Agnela, kafundisha vizuri. Kumbe samaki akila protini, tumbo linaikatakata. Kwenye ukuta wa utumbo kuna vijimlango vinavyopitisha vile vipande. Anayetoa amri vijimlango vijengwe ni jeni. Jina lake PepT1. Kisha akaeleza sana usafi wa maji. Sikuandika, nilikuwa nimeshaelewa. Samaki wangu si wadogo. Wamefungiwa milango!

Jumatano, 9 Julai
Mpango: damu ya ng'ombe, protini tupu, niichanganye na papai bichi ili ijikate yenyewe. Wachoma nyama wa Kwa Mrombo hulainisha nyama kwa papai, sembuse mimi? Nimempigia binamu Loishiye, yuko machinjioni. Mtandao mbovu, nikapiga kelele. Akauliza damu ya nini. Ya kuamshia jeni bwawani. Akauliza kama shemeji anajua. Hajui, na asijue! Akasema Mungu anisaidie. Ndugu mwenye upendo.

Alhamisi, 10 Julai
Alfajiri nimemwaga ndoo mbili, huku nikinong'ona: fungukeni, fungukeni. Elihuruma alichungulia juu ya ua, akauliza kulikoni. Nikamwambia hata samaki wake wanazo jeni, ila mimi zangu nazilisha. Akaingia ndani bila kuaga. Wivu!

Ijumaa, 11 Julai
Kaja Mchungaji, mzee wa kanisa Yoeli, na kwaya nzima ya akina mama. Nikadhani wamekuja kujifunza. Mchungaji akauliza yameingiaje humo. Nikamsahihisha: zimeingiaje. Samaki wamerithi kwa mama zao. Kwaya ikaguna. Akataka jina. Nikasema Pepti Wani. Akanyoosha mkono juu ya maji, akamwamuru Pepti Wani atoke!
Hapo ndipo nilipoelewa Loishiye alisikia nini. Nikapiga kelele kwamba ni jeni, jeni! Mchungaji akanituliza, akasema ndiyo, jini, wanajua. Mama Lemomo aliketi chini kwa kucheka. Sijaona cha kuchekesha.

Jumamosi, 12 Julai
Samaki wanahema juu ya maji, vinywa wazi. Nimeogopa kweli. Nimelia kidogo. Agnela kaja mbio: damu imeoza, imemaliza hewa majini. Akauliza kama nilisikia lile somo la usafi wa maji. Tena samaki wamesongamana mno, na pumba ina protini kiduchu. Hata milango ikiwa wazi, hakuna cha kupita. Elihuruma kaleta pampu yake, ingawa alikanyaga uani kwangu kwa tahadhari. Tumebadilisha maji mpaka jioni. Wengi wamepona. Nimempenda jirani yangu kwa dhati, karibu saa nzima.

Jumapili, 13 Julai
Mnada wa mavuno nje ya kanisa. Nimepeleka sato watatu, hakuna aliyezidi kiganja. Mama Lemomo alishaagiza miche. Nikainamisha kichwa. Ndipo Yoeli, aliyekuwa akinadi, akatangaza kwamba hawa ndio samaki walioombewa. Weee! Akina mama wa kwaya nusura wararuane vitenge. Malapa ya Elihuruma yalienda kwa bei ya kila siku. Mama Lemomo amesema miche ingoje.
Agnela kanitumia ujumbe mrefu: nipunguze samaki, ninunue chakula chenye protini, nitunze maji. Nitausoma.
Nimempigia Loishiye. Ndoo nne safari hii. Akauliza tena ni ya nini. Mtandao ulikuwa safi kabisa, nami nikatamka polepole, herufi kwa herufi: jini.