Kuanguka kwa Nyota wa Siku ya Kifafa

Jumatatu, 3 Machi

Furaha iliyoje! Mwalimu wa Baiolojia ametangaza Siku ya Kifafa. Ijumaa, mbele ya shule nzima na wazazi. Klabu yetu ya Afya itaigiza namna ya kumsaidia mtu aliyeanguka. Nikanyoosha mkono hadi bega likalia. Nafasi ya mgonjwa! Unaanguka, wote wanakutazama, na maneno ya kukariri hakuna. Mwalimu akampa Spika, mwenyekiti wa klabu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mimi nikapewa bango. Tena nisimame nyuma!

Haidhuru. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni msitu.

Jumanne, 4 Machi

Tulivu ndiye anayeandika igizo. Msichana wa dawati la mbele, maneno huyatoa kwa ubahili. Nikamfuata maktaba, nikamshauri waanguke watu wawili, kwa msisitizo. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu mwenye kifafa. Nikajibu nimesoma sana. Akasema taratibu kwamba si mchezo wa kugaagaa. Anajuaje? Wivu tu!

Mazoezi jikoni. Sufuria mbili chini. Mama akasema kama kusimama kumenishinda nikalale, ila kwanza nioshe vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Ujanja mtupu! Nikamnong'oneza Spika kwamba mgonjwa hulala kimya kama gunia la viazi, hali mtangazaji hushika kipaza sauti. Akatoka mbio kwenda kuomba utangazaji. Mwalimu akafurahi mno, akampa. Akasema atangaze kwanza, kisha aanguke.

Spika sasa ana nafasi mbili. Mimi bango langu limeongezwa ukubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Uamuzi mzito. Kesho nitaanguka kabla yake. Sitamwambia mtu. Watu watashangilia!

Ijumaa, 7 Machi

Hawakushangilia.

Spika alikuwa akiwasalimu wazazi nilipoanguka na bango langu. Nilitetemeka vizuri sana. Mayowe! Mwalimu wa Jiografia akaruka kwa mguu mmoja, akanibandika kiatu puani. Kiatu cha moto! Spika, aliyekariri wiki nzima kwamba mgonjwa hatiwi kitu mdomoni, akapaza sauti aletewe kijiko. Sijui nani akapiga kelele nisiguswe, kifafa kinaambukiza. Nikamsikia Mama analia, “Mwanangu! Mwanangu jamani!” Nikataka kuinuka nikiri. Lakini mtu anakiri vipi akiwa na kiatu puani?

Ndipo akaja Tulivu.

“Kijiko weka chini! Na kiatu, mwalimu, tafadhali. Mpeni nafasi apumue!”

Akanilaza ubavu, akakunja sweta lake, akaniwekea chini ya kichwa. Kisha sikioni: “Najua unaigiza. Ukitikisika tena nakusema.”

Nikawa gogo.

Akachukua kipaza sauti cha Spika.

“Mimi nina kifafa,” akasema. “Tangu nikiwa mdogo. Nimeshanusishwa viatu vya ukoo mzima.”

Watu wakacheka.

“Hakiambukizi. Anayekaa nami hapati kitu, labda majibu ya hesabu. Nikianguka, nilazeni ubavu, niwekeeni kitu laini chini ya kichwa, kaeni nami mpaka nizinduke. Nikikawia, iteni daktari. Viatu vyenu vaeni.”

Ukumbi mzima ukasimama. Mwalimu wa Jiografia akavaa kiatu chake, akamwomba radhi mbele ya watu wote. Makofi, vigelegele, Spika analia waziwazi! Hata mimi nikapiga makofi kwa nguvu zote. Nikiwa nimelala.

Hapo ndipo Mama aliponiona.

Jumamosi, 8 Machi

Sikio la kushoto bado la moto; Mama ana vidole vya koleo. Shuleni adhabu yangu ni kudeki ukumbi hadi mwisho wa muhula. Nilimwomba Tulivu msamaha. Akacheka hadi akakaa chini. Akasema wasichana wanagombea kukaa naye, na kwamba kifafa changu kilifanana na mtu aliyeingiwa na siafu. Mwalimu amemwomba akazungumze shule jirani pia.

Kwa hiyo, tukipima kwa haki, siku ilifana kwa sababu yangu. Asante sijasikia, lakini wakubwa hatudai.

Mwezi ujao ni Siku ya Meno. Spika ameshaomba kuwa mgonjwa! Masikini, meno yake yote ni mazima. Mimi nimeshachagua moja la mbele. Tangu asubuhi nalisukuma kwa ulimi, na limeanza kucheza.