Mshale wa Sekunde

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza rasmi. Kasino ya Copper Mule, hapa hapa Henderson, meza ya poka ya wazee, saa tatu asubuhi. Umri wa kuingia ni miaka hamsini. Mimi nina hamsini na moja. Kijana barobaro!

Masharti ya nyumbani hayana utata. Mke wangu Marlys amenipa hadi Jumamosi. Ukicheza saa kumi na tano kwa wiki unaingia bure shindano la Jumamosi. Nikilishinda, naendelea na poka hadi Septemba. Nikishindwa, Jumatatu naanza kazi kwa shemeji Kip, kaka yake, muuza nyasi za plastiki. Kazi yenyewe ni kuvaa vazi la nyasi kuanzia utosini hadi miguuni na kuzungusha bango njia panda. Kip amesema ameshanipima kwa macho, na kwa kitambi hiki itabidi waunge mavazi mawili. Mwone!

Hajui nina silaha. Miezi minne nimesoma programu ya kompyuta inayofundisha mchezo wa mizani. Unachanganya karata nzuri na mikwara kwa kipimo kamili, asiwepo mtu duniani wa kukusoma. Karata zikiwa mbovu, piga mkwara mara moja katika tatu. Lakini binadamu hawezi kubahatisha kwa haki, kwa hiyo natazama saa yangu ya mkononi. Mshale wa sekunde ukiwa kati ya sifuri na ishirini, naweka dau kubwa kama mwenye karata za kutisha. Ukiwa umepita hapo, natupa karata. Karata zikiwa nzuri sitazami chochote. Ya nini?

Matokeo: mikwara sita, yote wenzangu wameilipia badala ya kukimbia, karata zikafunuliwa, nikaumbuka. Bahati mbaya tu.

Jumanne, 4 Machi

Mikwara mitano. Yote imekamatwa. Bahati mbaya haina macho. Hawa wana macho!

Nimewachunguza. Mzee Lyle, fundi bomba mstaafu anayesinziasinzia mezani, analipia kila dau ili aone karata za mwenzake. Nilimuuliza kwa nini amenifuata akiwa na jozi ya mbili tu. Akasema ameendesha gari dakika arobaini, hakuja kutupa karata. Hilo ni jibu la mjinga, au la mtu aliyefundishwa kujibu kijinga.

Halafu Bi Verna. Mjane, miaka sabini na minane, anafuma uzi wa kijani pale pale mezani. Karata zikiwa mbovu anaendelea kufuma. Zikiwa nzuri anaweka sindano chini. Yaani anajitangaza! Nani anajitangaza hivyo bila sababu? Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nimemsikia akinong'ona: mbili juu, moja chini, mbili juu. Papo hapo Lyle akakohoa. Nimeandika yote.

Jumatano, 5 Machi

Marlys aliuliza wakati wa kahawa kwa nini namtisha Lyle ilhali Lyle hatishiki. Akasema ngoja upate karata nzuri, uweke dau, yeye si atalipa tu? Na yule bibi akiweka sindano chini, si utupe? Nikamweleza kwamba huo unaitwa mchezo wa kuwinda, kwamba anayewinda udhaifu wa mwenzake anaacha wa kwake wazi, na kwamba hesabu yake inajaza kurasa tisini. Akasema sawa baba, lakini jana umeliwa na mtu anayesinzia.

Nikajaribu, ili nimwonyeshe kosa lake. Saa nikaitia mfukoni. Karata nzuri, dau. Karata mbovu, tupa. Sindano chini, nakimbia.

Nimeshinda asubuhi nzima! Lyle kanilipa mara nane, kila mara akicheka. Bi Verna akanipongeza, akasema leo umecheza vizuri mwanangu.

Mwanangu! Nimerudi nyumbani jasho likinitoka. Mtu uliyemla anakupongeza kwa nini? Wananinenepesha kwa ajili ya Jumamosi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kwenye mizani. Saa mkononi. Nimeliwa, lakini kwa heshima.

Lyle alinikaribisha chapati zake za maji na sharubati. Nikakataa. Akauliza kama tumbo linanisumbua. Anataka kujua hali ya tumbo langu ya nini?

Mchana nimeazima maktaba kitabu cha kufuma. Mkutubi aliuliza kama ni zawadi ya mke. Nikamwambia ni upelelezi. Kumbe "mbili juu, moja chini" ipo, ukurasa wa kumi na nne, inaitwa mshono wa mbavu. Werevu sana hawa. Wamechagua lugha ya siri ambayo tayari ina kitabu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetimiza saa kumi na tano. Kisha nikamwendea msimamizi, Bwana Ignacio, nikadai sindano za Bi Verna zikaguliwe. Akasema bibi huyo anakuja hapa miaka kumi na tisa, na kitu hatari pekee alichowahi kuleta ni keki ya matunda.

Naye yumo! Sasa nawahesabu watatu.

Kip amepita jioni kuacha vazi. Eti lipate hewa. Limetundikwa sebuleni. Marlys alilipiga pasi shingoni.

Jumamosi, 8 Machi

Tulianza watu ishirini na wawili. Karata zilinipenda. Ree, wafalme, malkia, mkono baada ya mkono, hata nafasi ya kutazama saa sikuipata. Lyle alitolewa tukiwa tumebaki watatu. Akanishika bega, akasema kaza buti kaka. Nikajipapasa bega kuhakikisha hakuacha kitu.

Tukabaki wawili. Mimi na Bi Verna. Nilikuwa namzidi kidogo. Nikaiona Septemba ile pale!

Nikachungulia karata zangu: saba na mbili. Takataka. Bi Verna akachungulia zake. Akaweka sindano chini. Akaweka na miwani.

Mpumbavu yeyote angetupa. Lakini nilijua kwamba anajua kwamba najua. Nikatazama saa. Sekunde ya kumi na nne! Mizani imenena. Nikasukuma kila nilichonacho katikati.

Akashusha pumzi. Akaniuliza kama nina hakika, mwanangu. Akalipa. Akafunua ree mbili.

Mkono uliofuata akamalizia makombo yangu.

Baadaye alinivuta pembeni, akasema inamwuma. Akasema meza nzima inajua tangu Jumatatu: nikitazama saa kisha nikaweka dau, sina kitu. Nisipotazama, ninacho. Hata Lyle kaliona, na Lyle hajui leo siku gani. Akasema Jumatano nilipovua saa nilimtisha kweli. Kisha akatoa alichokuwa akifuma wiki nzima: soksi ya kifundo cha mkono, ya kijani. Akasema niivae kushoto, ifunike saa.

Nilimshukuru kwa adabu. Lakini mimi si mtoto! Mshindani anakufundisha kushinda lini? Anataka niache saa kwa sababu saa inamwogopesha.

Jumatatu, 10 Machi

Njia panda ya Boulder, tangu saa mbili asubuhi. Vazi linawasha, na pale walipounga yale mawili pamefumuka. Kip amepita mara tatu na gari, kila mara akipunguza mwendo. Amesema nazungusha bango upande mmoja tu, madereva wamenizoea, hawatazami.

Hapo nikashtuka. Wamenisoma!

Sasa kabla ya kila mzunguko natazama saa. Sifuri hadi ishirini, kulia. Ishirini hadi arobaini, kushoto. Zaidi ya hapo, natulia tuli. Hakuna dereva Nevada nzima anayeweza kunikisia. Wawili wamepiga honi kwa hasira, mmoja ameuliza kama naumwa. Mizani inafanya kazi.

Adhuhuri Bi Verna alisimama kwenye taa nyekundu. Akateremsha kioo, akanitazama nikitazama saa, akatikisa kichwa taratibu. Nikamtazama mpaka taa ikabadilika. Amekuja kupeleleza!

Jioni nimeifumua ile soksi yake uzi kwa uzi kutafuta ujumbe. Hamna kitu. Nimeufumua hadi fundo la mwisho, hamna.

Kumbe ni hodari kuliko nilivyodhani.