Kurasa Nne za Neno Moja

Jumatatu, 3 Machi

Meneja kabandika tangazo mlangoni mwa chumba chetu cha kufulia. Hoteli inatafuta mtu wa mapokezi, ajue Kiingereza. Usaili Jumatatu ijayo. Atakayepata anapewa na nyumba ya wafanyakazi: vyumba viwili, choo ndani. Choo ndani! Miaka mitatu tunaishi chumba cha uani kwa shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu, ambaye nikiingia bafuni anapitapita nje akikohoa. Nyumba hiyo ni yangu, wapende wasipende.

Tatizo Kiingereza. Jioni nimefungua kamusi kubwa ya shemeji. Nilishaanza kukata tamaa, mara nikafika kwenye "get". Kurasa nne! Kupata ni get. Kufika, kuugua, kuoa, kuamka, kupanda basi, kuelewa, kulewa, kuzeeka: zote get. Lugha nzima wameitia ndani ya neno moja, mengine mapambo. Wenzangu wahangaike na kamusi nzima. Mimi kurasa nne tu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 4 Machi

Kamusi haibebeki. Nimezichana zile kurasa taratibu, karibu kabisa na uzi. Shemeji hatajua. Nani husoma kamusi? Nimezitia mfuko wa ovaroli. Nimesoma nusu ukurasa nyuma ya mashine, nikasinzia kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Miaka minane kazi yangu ni kupekua mifuko ya nguo za wageni kabla hazijaingia mashineni. Nimeokoa pasipoti, meno ya bandia, hata pete ya ndoa ambayo mwenyewe hakutaka ionekane. Sijawahi kukosea. Leo nimefua ovaroli yangu. Sikuipekua, nani anajipekua mwenyewe? Kurasa zote zimekuwa uji, na uji umeganda kwenye suti nyeusi ya mgeni. Nimeshinda nikibandua chembe moja moja kwa kibano. Kwenye kola nimefanikiwa kusoma "get". Hilo nalijua tayari.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kagundua. Kumbe kuna watu husoma kamusi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kasimama mlangoni, kamusi mkononi.

"Shemeji, hii nilipewa na baba siku niliyohitimu."

Nimeona aibu, kweli kabisa, kama dakika tano. Kisha akatoa hukumu. Ameazima kamusi kama ile shuleni kwake. Nizinakili kurasa zote nne kwa mkono, neno kwa neno, mwisho Jumapili jioni. La sivyo tutafute pa kwenda.

Herufi kama sisimizi! Na usaili Jumatatu! Nikikaa kunakili, nitasoma saa ngapi? Nimemwachia mke wangu, ana mwandiko mzuri. Nimemwambia macho yananiuma.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kamaliza. Kazi safi. Ila ananisumbua na maswali: kwa nini neno hilohilo likifuatwa na kineno kingine linageuka maana? Nimemwambia aandike tu, asijichoshe. Akaenda kumuuliza kaka yake. Wamekaa sebuleni mpaka chai ikapoa, wanaulizana, wanacheka, yote kwa Kiingereza. Kelele tupu. Nimelala mapema nipumzishe ubongo.

Jumatatu, 10 Machi

Usaili. Meneja kauliza, mgeni akilalamika kwamba maji ya moto hayatoki, nitamjibuje kwa Kiingereza. Nikajibu, "I get." Akasubiri. Nikaongeza, "You get." Akazidi kusubiri. Nikafunga kwa sauti ya kujiamini: "We get." Kaandika kitu kifupi sana.

Kutoka tu, namkuta mke wangu kwenye benchi la wanaosubiri, kavaa gauni lake la shughuli. Nilidhani kaniletea chakula. Kasema tangazo halikumkataza mtu. Kumbe kidato cha nne aliongoza darasa kwa Kiingereza. Miaka kumi na moja ya ndoa na hajanieleza! Kasema sikuwahi kumuuliza.

Jumamosi, 15 Machi

Tumehamia. Vyumba viwili, choo ndani. Mke wangu keshaanza kazi. Jana nimepita mapokezi na toroli la mashuka, nikamkuta na wageni watatu, anawajibu mmoja mmoja, hababaiki. Shemeji katusaidia kubeba kitanda. Kamshika dada yake mkono, machozi yanamlengalenga. Mimi hata hongera sikupewa. Watu hawana shukrani! Nani aliligundua lile neno? Nani alichana kurasa? Nani alimpa mwanamke yule kazi ya kunakili? Mpango ulikuwa nyumba, na nyumba hii hapa.

Sasa nautaka umeneja wenyewe. Nimeshachunguza: "take" nalo linajaza kurasa tatu. Nimemwomba mke wangu aninakilie. Kanipa kalamu na daftari, kasema nianze mwenyewe leo, yeye atakaa kando anielekeze. Nimevitia kabatini. Kuna watu hawapendi kujiendeleza.