Naomba Faili Langu Lipotee Tena

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Viwanja,
Ghorofa ya chini, mlango wa kijani.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KASI YA HUDUMA

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa mahali penye utulivu, maana mimi mahali pangu mmeniharibia.

Mimi ni msusi. Nasukia nyumbani, sebuleni, na mteja anayesukwa hana kazi nyingine ila kuongea. Mume wangu ni fundi wa spika. Anazitengenezea uani, na spika haijulikani kama imepona mpaka ipige kelele. Mama mkwe wangu, ambaye nampenda na naomba hilo lieleweke, hasikii vizuri, kwa hiyo redio yake inasikilizwa na mtaa mzima. Nina mapacha. Juu yetu anakaa jirani anayeburuta kabati kila siku, na mpaka leo sijui kabati hilo linahamia wapi.

Usinione mvivu, nimetafuta pa kupumzishia kichwa katika jiji hili. Nilikwenda bustani ya jiji, nikakaa kwenye nyasi. Mlinzi akaniambia nyasi ni za kutazama. Nikahamia kwenye benchi, kikaja kikundi cha mazoezi, na mwalimu wao akanipigia filimbi na mimi niinue magoti. Niliinua. Maktaba nako wanafunzi wanagombania soketi za kuchajia simu. Mwisho nikajaribu kliniki ya meno, kwa sababu pale watu huwa hawana hamu ya kupiga soga. Nilistarehe kweli, mpaka nesi akaniita niingie ndani. Niliona aibu kusema nimekuja kukaa tu. Nilirudi nyumbani nina pengo, na jino lenyewe lilikuwa zima.

Ndipo Mungu akanionyesha ofisi yenu. Nilikuja kufuatilia faili la kiwanja alichoniachia marehemu baba. Karani wenu wa zamani, yule mzee wa sweta, alinitazama kwa huruma, akasema faili halionekani, nikae nisubiri. Nikakaa. Feni ilikuwa inazunguka kwa uvivu. Watu kimya, kila mtu na bahasha yake mapajani. Hakuna aliyeniita mama, wala shangazi, wala dada huu msuko umenibana. Nilitokwa na machozi, sikufichi. Ilipofika jioni mzee akaniambia njoo wiki ijayo, nami nikamshukuru kwa moyo wangu wote.

Nikaja wiki iliyofuata, na nyingine, kila Jumanne, na miaka ikapita. Nyumbani ukiaga kwamba unakwenda kufuatilia faili, hakuna wa kukuuliza. Mama mkwe anakupa pole. Mume anawafokea watoto wakuache, mama yenu ana mambo ya ofisi. Lakini thubutu kusema unakwenda kupumzika! Ukoo mzima utataka kujua umechoshwa na nini, na nani.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Mmeleta karani mpya, binti wa kompyuta. Anatabasamu. Anainuka kitini, anawafuata watu kwenye benchi na kuwauliza awasaidie nini. Mimi sijawahi kuona mtumishi wa ofisi akimkimbiza mwananchi. Siku ya kwanza nilimkwepa kwa kujifanya nimesinzia. Aliniletea maji ya kunywa.

2. Mmefunga mashine ya namba, yenye sauti ya mwanamke ya kuita watu. Hivi huyo mama hachoki? Nilichukua namba, ikaitwa kabla sijakaa. Nikampa aliyekuwa nyuma yangu, nikachukua nyingine, nayo ikaitwa. Niligawa namba asubuhi nzima, mpaka mlinzi akadhani nazilangua.

3. Mmewatawanya wenzangu. Palikuwa na dereva wa lori mstaafu, tulikaa naye bega kwa bega miaka yote hiyo na hatujawahi kuulizana majina. Sina ndugu ninayemheshimu kama yeye. Binti alimmalizia shida yake mara moja. Mzee wa watu akatoka na hati mkononi, akasimama mlangoni, akatugeukia kama mtu aliyefukuzwa kwao. Sijui siku hizi anakaa wapi. Mlipokuwa mnaboresha huduma, kuna aliyemfikiria?

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumanne iliyopita binti alinipungia mkono kutoka dirishani, mbele za watu, anatangaza kwa furaha kwamba faili langu limepatikana. Lilikuwa kabatini, kwenye herufi yake. Yaani halikupotea hata siku moja. Mzee wa sweta alikuwa hajawahi kulifungua lile kabati. Benchi zima likanipigia makofi. Nikapewa hati, nikapigwa picha ya kubandikwa ukutani pamoja na wateja walioridhika. Naomba uende ukaitazame hiyo picha kwa karibu, halafu uniambie kama huyo ni mtu aliyeridhika.

Nyumbani sijasema. Nikisema, nimekwisha. Jumanne zangu zitagawanywa kabla jua halijazama.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Faili langu lirudishwe kabatini, kwenye herufi isiyo yake. Mzee wa sweta arudishwe kazini, na kama afya haimruhusu, binti apelekwe kwake kujifunza namna ya kusema njoo wiki ijayo bila kumvunja mtu moyo. Halafu jambo hili lisiishie kwangu. Wagonjwa wamejengewa wodi, wafungwa wana pao, hata magari yana maegesho. Sisi wazima tuliojaa makelele kichwani tumewekewa nini? Nashauri kila ofisi ya umma itenge siku moja kwa wiki ambayo hakuna jambo litakaloshughulikiwa kabisa. Makarani wawepo, feni ziwashwe, wananchi waje na bahasha tupu wakae. Nchi nzima itarudi nyumbani inacheka, na ninyi mtakuwa hamkutumia nguvu yoyote.

Nisalimieni mlinzi, mama wa usafi, na wote waliobaki benchini kama bado wapo. Mzee wa sweta mpelekeeni salamu popote alipo. Hata binti msalimieni. Hana kosa, amelelewa vizuri tu.

Wako katika kusubiri,

Mama Mapacha,
Msusi.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, binti wenu alipiga simu nyumbani kuuliza kama huduma ilinifurahisha, na aliyepokea ni mume wangu. Basi, mambo yamekuwa wazi, na jana tulikwenda kukiona kiwanja. Jamani! Pana upepo, pana nafasi, na kimya chake mtu unasikia pumzi zako mwenyewe. Tulikaa chini mimi na mume wangu. Baada ya muda akasema watu wa mjini wangepalipia mahali kama hapa. Nikamwambia hapo umenena. Tunajenga ukumbi wa harusi, muziki mpaka asubuhi. Maombi ya kibali nimeyaambatanisha, tafadhali mpeni binti ayashughulikie leo leo, maana tuna haraka. Jirani yetu wa pekee kule ni mwalimu mstaafu aliyehama mjini kutafuta utulivu. Alituona tukipima, akauliza, tukamweleza, akakaa chini. Anasema atawaandikia barua ya malalamiko. Hiyo yake msiifanyie haraka.