Nyanchera Atoka Kikaoni Kabla ya Mkubwa Wake

Jongeeni, enyi wachumaji chai wa Gesima, tueni vikapu vyenu! Nanyi wenye maduka wa Keroka, acheni mizani mnyamaze, kwani habari ninayoileta si ya kusikilizwa huku mtu akipima sukari. Ni habari ya vita vya Nyanchera binti Bathsheba, shujaa wa slaidi, mpiga kibodi asiyechoka, mshauri katika ile kampuni kubwa ya Nairobi ambayo hushauri benki na viwanda namna ya kutumia muda vizuri, ilhali yenyewe haijui muda wake umeenda wapi.

Jueni kwanza sheria ya himaya ile. Haikuandikwa popote, na hakuna aliyethubutu kuivunja: mkutano wa mtandaoni ukianza, hatoki mtu kabla mkubwa hajatoka. Njaa itauma, mtoto atalia, sufuria itaungua. Mtu atabaki ndani ya kijisanduku chake akitikisa kichwa na kutabasamu.

Basi Ijumaa hiyo Nyanchera alikuwa amepanda Gesima kwa mama yake. Tangu aajiriwe, mjane Bathsheba alikuwa akifungua Sabato, ile ya Waadventista inayoingia Ijumaa jua likitua, peke yake. Kila wiki binti alimwahidi kwa simu kwamba atakuja, na kila wiki kikao kikamnyang'anya ahadi. Sasa alikuwa nyumbani, ila kichwa chake chote kilikuwa ndani ya kompyuta. Na wiki iliyofuata Osoro, mkubwa wa idara, angeteua meneja mpya, na jina la Nyanchera lilikuwa mdomoni mwake. Hapo ndipo uchungu ulipokuwa.

Jua likaanza kuteremka nyuma ya mashamba ya chai. Osoro, bwana wa vikao, jabali lisilojua kiu wala saa, akanguruma: "Jamani, nimeangalia tena hii slaidi ya kwanza. Huu mshale uwe wa kijani ama wa buluu? Tusiharakishe."

"Tusiharakishe," jeshi zima likaitikia, na kila mmoja akalia moyoni.

Bathsheba akaingia, amekwisha kuoga na kuvaa, kitabu cha nyimbo kwapani, akasimama kando ya mlango. "Omwana one, mwanangu," alisema kwa ule upole ambao ni mbaya kuliko kelele, "jua linaingia. Nianze peke yangu kama kawaida?"

Neno hilo lilimchoma Nyanchera. Papo hapo ujumbe ukaingia kutoka kwa Valentine, swahiba wake wa vita vingi: "Sema stima imepotea, uzime. Mimi niliitumia Jumanne." Ilikuwa silaha nzuri, imeokoa wengi. Lakini balbu ilikuwa ikiwaka juu ya utosi wa shujaa, wote wakiiona, na mbele yake alisimama mama aliyemfundisha kutodanganya, tena Sabato ikiwa mlangoni. Silaha ikamponyoka.

Ndipo akafanya lisilofanyika. Akafungua kipaza sauti. Nyuso zote zikainuka, kama kuku waliosikia mlango wa jikoni.

"Bosi Osoro, nanyi wenzangu wa damu na slaidi," alisema, "nimewatumikia kwa uaminifu, na grafu yangu haijawahi kupinda. Lakini jua la Gesima haliangalii ratiba yetu. Sabato inaingia, na mama yangu amesimama hapa akiningoja. Mshale uwe wa kijani, uwe wa buluu, mteja ataufuata tu. Mimi natoka. Jumatatu asubuhi mtanikuta, kama bado nina kazi."

"Lakini Nyanchera, si tulikuwa tunamali..." Osoro alianza.

Kidole kikashuka. Kitufe chekundu kikabonyea. Kikao kikatoweka kwenye skrini.

Baadaye Valentine alisimulia kwamba Osoro aliuliza ni saa ngapi, akajibiwa, akasema, "Hata wangu wananingoja," akatoka, akawaacha wengine wakitazamana, hawajui jioni nzima hufanyiwa nini. Na kwa ule umeneja, jina la Nyanchera lilibaki palepale lilipokuwa, mdomoni mwake.

Lakini jioni ile shujaa wetu hakujua lolote kati ya hayo. Bathsheba alisogea akaitazama kompyuta, akamtazama binti yake.

"Kwani ni hiyo tu?" aliuliza. "Miezi yote hiyo, ni kufinya hapo tu?"

"Ni hapo tu, mama."

Bathsheba akacheka mpaka akashika meza. Nyanchera naye akacheka huku machozi yakimtoka, kisha akavuta kiti karibu na mama yake, wakaanza wimbo.

Ipigwe mbiu kutoka Keroka hadi Nyacheki, na waajiriwa wa kampuni zote kubwa wasikie: mkubwa akiwa bado anasema, mtu alitoka, na hakufa.