Jinsi Chelagat Alivyokikomboa Kiti cha Magunzi

Nyamazeni, enyi watu wa Bungoma na Kitale, wapukuchuaji wa mahindi, wanywaji wa chai yenye maziwa mengi! Nawasimulia vita ambavyo damu haikumwagika, ila jasho lilimwagika, jamani. Mwenye haraka aende zake sasa hivi, maana sitarudia.

Palikuwa na Chelagat binti wa Kitale, mwanafunzi wa mwaka wa nne katika shule ya sanaa ya chuo kikuu kimoja hapa Bungoma, shujaa wa gundi, jemadari wa misumari. Miezi mitano alijenga kiti cha enzi kwa magunzi ya mahindi, yaliyopukuchuliwa na mikono ya mama yake, Jepkosgei, aliyeyatuma kwa magunia akidhani ni ya kuwashia jiko. Mama huyo hakuwa ameona hata kazi moja ya mwanawe, na kanisani alisema waziwazi kwamba mtoto wake anasomea kuchezea udongo. Siku ya maonyesho na tuzo akaja kwa mara ya kwanza, amevaa gauni la Jumapili, uso ameukunja. Chelagat aliitaka tuzo, ndiyo, lakini zaidi alitaka mama yake aone.

Ole wao vijana wa itifaki! Mgeni rasmi kwetu hakalishwi kwenye plastiki. Walipokosa kochi, wakakiona kiti cha enzi kimekaa bure juu ya jukwaa namba kumi na saba, wakakibeba, wakakitandika kitambaa cheupe, wakakiweka meza kuu. Mheshimiwa akaingia, akaketi. Magunzi yakalia kraa!

Chelagat alipoona jukwaa lake tupu, na majaji wakiwa wamefika namba kumi na nne, alizungusha macho ukumbini, akakiona kiti chake chini ya Mheshimiwa. Sheria ya majaji haikuwa na huruma: kazi isiyo mahali pake haihesabiwi. Akamkimbilia Wakoli, mshereheshaji wa siku hiyo.

"Ewe Wakoli, mwenye sauti isikikayo hadi Kanduyi! Mwinue mtu yule, la sivyo miaka yangu minne imekaliwa!"

"Chela, mgeni rasmi hainuliwi, bana," akajibu Wakoli kwa huzuni kuu. "Akishakaa amekaa. Ati nimwambie nini? Si nitafukuzwa?"

Hapo ndipo shujaa alipokumbuka silaha ya pekee inayowainua wakubwa wote wa nchi hii bila kinyongo.

"Tangaza maombi," akanena. "Na aombe mama yangu."

Naam! Huko Kitale Jepkosgei akishika maombi, chakula hupoa. Ukumbi mzima ukasimama, macho yakafumbwa, majaji wakatulia, naye Mheshimiwa akainuka, akakunja mikono mbele. Chelagat akapita nyuma ya meza kuu akitambaa, akakichomoa kiti, akasukuma cha plastiki mahali pake, akakitandika kile kitambaa cheupe. Lo, uzito ule! Akakikumbatia, akaenda nacho hatua kwa hatua katikati ya umati uliofumba macho, huku mama akiombea taifa, mvua na mbolea. Hata alipokuwa nusu ya safari, akamsikia mama anasema, "Na hayo yote tumeomba..." Watu wakaanza kushusha pumzi. Chelagat akaganda.

Jepkosgei akafungua jicho moja. Akamwona bintiye, akakiona kiti, akayatambua magunzi yake.

"Na tena Bwana," akanguruma, "hatujawakumbuka wagonjwa!"

Akawaombea wagonjwa. Akashika wasafiri, akashika mipaka yetu mpaka Lwakhakha, wala hakusema amina hadi kiti kilipotua juu ya jukwaa namba kumi na saba.

Majaji wakafika, wakakizunguka, wakaandika. Andikeni nanyi, enyi wenye kalamu: nafasi ya tatu! Mheshimiwa mwenyewe alimkabidhi Chelagat cheti, makapi ya mahindi yakiwa yamegandia suruali yake, akalalamika kwenye kipaza sauti kwamba kiti cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko hiki cha plastiki. Ukumbi ukapiga makofi.

Jepkosgei hakupiga. Alikuwa amekwenda kusimama pale namba kumi na saba, mkoba kwapani, machozi yanamtiririka bila aibu, akimfukuza kila aliyesogea.

"Kaeni mbali!" aliwaambia. "Hii si kiti. Hii ni sanaa ya msichana wangu."